Mwanao amesoma hesabu? Usiuze kiwanja kumlipia uzamili kabla ya kujua haya

Barua ya kukubaliwa chuo kikuu cha nje ikifika nyumbani, furaha huja kwanza na maswali hufuata baadaye. Kijana amemaliza shahada ya kwanza ya hisabati, takwimu, uchumi au takwimu bima. Ameomba kusoma uzamili ng'ambo na amejibiwa kwamba nafasi anayo. Ndugu wanapigiwa simu, kundi la WhatsApp la ukoo linajaa pongezi. Zikipita siku mbili tatu, mtu anasoma ukurasa wa pili wa barua na kukutana na ada.

Hapo ndipo mazungumzo ya kiwanja huanza. Baba anakumbuka eneo alilonunua kwa ajili ya kujenga. Mama anauliza Saccos inaweza kukopesha kiasi gani. Kama kuna mafao ya kustaafu, nayo yanatajwa. Wadogo zake kijana huyo, wanaosubiri ada ya sekondari, wanaambiwa wavumilie kwanza.

Familia nyingi hufika hatua hiyo bila kujua jambo moja muhimu. Kwa kijana aliyesoma fani za hesabu na kufaulu vizuri, zipo programu za uzamili zinazolipia ada, malazi, chakula, bima ya afya na hata tiketi ya ndege. Zipo pia programu nyingine, wakati mwingine katika chuo hicho hicho, ambazo mwanafunzi hujilipia kila kitu. Mzazi anayeelewa tofauti ya makundi hayo mawili anaweza kuokoa mali ya miaka 20.

Shahada zinazofanana, mifuko tofauti

Swali la kwanza la kuuliza ni hili: chuo kinamhitaji mwanafunzi huyu kwa kazi gani?

Chukua mfano wa Marekani. Idara za hisabati na takwimu katika vyuo vikuu vya umma hufundisha maelfu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wanahitajika watu wa kusimamia vipindi vya mazoezi na kusahihisha majaribio. Kazi hiyo hufanywa na wanafunzi wa shahada za juu. Kwa kuifanya, kwa kawaida si zaidi ya saa 20 kwa wiki, mwanafunzi husamehewa ada na kupewa posho ya kila mwezi. Baadhi ya idara hutoa nafasi hizo kwa wanafunzi wa uzamili pia, ingawa nyingi huzielekeza kwa wanaosoma shahada ya uzamivu, yaani PhD.

Kwa upande mwingine zipo programu za uzamili zilizobuniwa kwa ajili ya soko la ajira. Nyingi zina majina ya kuvutia, kama uzamili wa sayansi ya data, uzamili wa uhandisi wa fedha au uzamili wa uchanganuzi wa biashara. Aghalabu hizo ni chanzo cha mapato kwa chuo. Wanafunzi wake hawafundishi na hawamsaidii profesa katika utafiti, hivyo chuo hakina sababu ya kuwalipa. Ndiyo maana barua yao ya kukubaliwa hufika haraka ikiwa na ada nzito.

Canada nako hali inafanana. Uzamili wa utafiti, ambao mwanafunzi huandika tasnifu chini ya profesa, mara nyingi huja na posho. Uzamili wa kitaaluma, ule wa kusoma kozi tu na kuondoka, kwa kawaida hauna posho.

Somo kwa familia ni kwamba jina la shahada lisiwe kigezo cha kwanza. Mhitimu wa uzamili wa takwimu anaweza kuomba kazi zilezile anazoomba mhitimu wa sayansi ya data. Mmoja anaweza kuwa amelipwa kusoma, na mwingine akawa ameacha deni nyumbani.

Jambo lingine ambalo wazazi wengi hawajalisikia ni kwamba Marekani mwenye shahada ya kwanza anaweza kuomba PhD moja kwa moja bila kupitia uzamili. Masomo hayo huchukua takribani miaka mitano au zaidi, na katika fani za hesabu vyuo vingi hulipia wanafunzi wanaowapokea. Kijana mwenye daraja la kwanza au daraja la pili la juu, anayependa utafiti, asiiache njia hiyo kwa kudhani ni ya watu wenye shahada mbili.

Milango iliyo karibu na nyumbani

Si lazima safari ianzie Ulaya au Marekani. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake AIMS, ilianzishwa Cape Town mwaka 2003 na mwanafizikia Neil Turok. Baadaye ilifungua vituo katika nchi nyingine, zikiwamo Senegal, Ghana, Kameruni na Rwanda. Uzamili wake wa sayansi za hisabati umejengwa juu ya ufadhili kamili. Mwanafunzi anayechaguliwa hulipiwa masomo, malazi, chakula na nauli, na huishi pamoja na wenzake kutoka mataifa mengi ya Afrika. Kuomba ni bure. Mwaka 2018 AIMS ilianzisha pia uzamili wa akili unde, kwa kuanzia Rwanda.

Kigali ipo pia Carnegie Mellon University Africa, tawi la chuo kikuu cha Marekani lililoanza mwaka 2011. Linafundisha uzamili wa teknolojia ya habari na uhandisi, na baadhi ya wanafunzi wake hufadhiliwa na Mastercard Foundation. Mji huohuo una taasisi ya fizikia iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kwa ushirikiano na kituo cha ICTP cha Italia.

Kwa waliosoma uchumi, ipo programu ya ushirikiano ya uzamili inayoratibiwa tangu mwaka 1993 na AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wenye makao yake Nairobi. Mwanafunzi husoma masomo ya msingi katika chuo kinachoshiriki, kisha hukutana Nairobi na wenzake kutoka nchi nyingine kwa masomo ya kuchagua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vilivyoshiriki. Wanafunzi wanaofanya vizuri huweza kupata ufadhili, ingawa nafasi zake ni chache.

DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, nalo lina mpango wa kuwafadhili Waafrika wanaosoma uzamili na uzamivu katika vyuo teule ndani ya Afrika. Kwa kawaida mwombaji hatakiwi kuwa amepitisha miaka sita tangu apate shahada yake ya mwisho. Kijana anayesema ataomba "siku moja" anapaswa kujua kwamba siku hiyo ina ukomo.

Ulaya na Ghuba

Kwa Ulaya, mpango unaostahili kuangaliwa mapema ni Erasmus Mundus, unaogharimiwa na Umoja wa Ulaya. Mwanafunzi husoma katika vyuo vya nchi mbili au zaidi. Anayepata ufadhili halipi ada, na hupewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Kwa programu ya miaka miwili hiyo ni euro 33,600. Miongoni mwa programu zake zimewahi kuwamo za uchumi wa hesabu na za usimamizi wa data kubwa. Maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye programu yenyewe.

Uingereza kuna mipango miwili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja, lakini humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa takribani miaka miwili, na baada ya masomo arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili. Kazi za kujitolea na mafunzo kazini huhesabiwa. Ufadhili wa pamoja wa Jumuiya ya Madola, ambao gharama zake hugawanywa kati ya serikali ya Uingereza na chuo husika, unawalenga vijana wa nchi zinazoendelea ambao familia zao zisingeweza kulipa. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni wanachama wa jumuiya hiyo. Kwa kijana aliyetoka chuoni mwaka huu, huu wa pili unaweza kumfaa zaidi.

Ujerumani inahitaji maelezo yake. Vyuo vikuu vingi vya umma havitozi ada ya masomo, hata kwa wageni, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kutokutoza ada hakumaanishi kulipiwa. Kwa ajili ya viza, mwanafunzi asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha fedha za kuishi mwaka mzima katika akaunti maalumu. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904. Familia nyingi huliona neno "bure" na kusahau akaunti hiyo.

Trieste, Italia, ndiko kilipo kituo cha ICTP, kilichoanzishwa mwaka 1964 na mwanafizikia wa Pakistan, Abdus Salam. Kina stashahada ya juu ya mwaka mmoja ya hisabati na fizikia kwa vijana wa nchi zinazoendelea. Haitozwi ada na wanaochaguliwa hupewa posho. Si uzamili kamili, lakini huwaandaa wanafunzi kwa ajili ya PhD.

Upande wa Ghuba, Saudi Arabia ilifungua mwaka 2009 chuo kikuu cha KAUST huko Thuwal, kaskazini mwa Jeddah. Kimejulikana kwa kuwapa wanafunzi wake wa shahada za juu ada, posho, nyumba na bima ya afya, na kinafundisha takwimu na hisabati tumizi. Masharti ya kila mpango hubadilika, hivyo tovuti rasmi ya mwaka husika ndiyo ya kuaminiwa kuliko ujumbe uliosambazwa na rafiki.

Jihadharini na "asilimia 50"

Neno ufadhili lina uzito tofauti kutoka barua moja hadi nyingine. Tuseme chuo kinatoza dola 24,000 kwa mwaka na kimempa kijana ufadhili wa asilimia 50. Zinabaki dola 12,000 za ada. Bado hajala, hajapanga chumba, hajanunua bima ya afya wala tiketi. Kama masomo ni ya miaka miwili, hesabu hiyo yote inazidishwa mara mbili.

Kilicho kibaya zaidi ni pale familia inapolipa mwaka wa kwanza kwa matumaini kwamba kijana "atajitafutia akifika huko". Viza ya mwanafunzi huwa na masharti kuhusu saa za kufanya kazi, na kibarua cha mwanafunzi ni nadra kutosha ada ya mgeni. Kijana akishindwa mwaka wa pili hurudi nyumbani bila cheti, na kiwanja kimeshauzwa.

Kalenda huanza mwaka mmoja kabla

Sababu kubwa inayowakosesha vijana wengi ufadhili ni kuchelewa. Wengi husubiri hadi mahafali, washike cheti, ndipo waanze kutafuta. Wakati huo madirisha ya maombi ya mwaka unaofuata yanafunguka au yanakaribia kufungwa, na wao hawana hata pasipoti.

Kwa anayetaka kuanza masomo Septemba, mambo huwa hivi. Chevening kwa kawaida hufungua dirisha Agosti na kulifunga kati ya Oktoba na mapema Novemba. Programu nyingi za Erasmus Mundus hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Vyuo vingi vya Marekani na Canada hufunga maombi yenye ufadhili kati ya Desemba na Januari. Anayeomba baada ya hapo anaweza kukubaliwa, lakini fedha zikawa zimeshagawiwa kwa wengine. Hiyo ni sababu nyingine ya barua za kukubaliwa zisizo na senti.

Kwa hiyo maandalizi yaanze akiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Pasipoti ya Tanzania inagharimu Sh150,000. Ni fedha nyingi kwa familia kadhaa, lakini ni gharama inayofaa kuwekewa akiba kuliko ada ya chuo kisichojulikana. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema, majina yalingane na yale ya vyeti vya kidato cha nne na cha sita. Tofauti ya herufi moja imewasumbua wengi ubalozini.

Barua za mapendekezo za wahadhiri ndizo zenye uzito mkubwa. Mhadhiri anayefundisha darasa la wanafunzi 300 hawezi kumwelezea kijana asiyewahi kumwona. Mwanafunzi anayehudhuria saa za ushauri, anayeuliza maswali na kufanya mradi wake wa mwaka wa mwisho kwa bidii, humpa mhadhiri jambo la kuandika. Barua hiyo iombwe wiki sita au zaidi kabla ya tarehe ya mwisho, kwa heshima, ikiambatana na wasifu na matokeo ya kijana.

Zipo pia gharama zinazoweza kuepukwa. Baadhi ya vyuo hukubali barua kutoka chuo cha awali inayothibitisha kwamba masomo yalifundishwa kwa Kiingereza, badala ya mtihani wa lugha wa kulipia. Vyuo kadhaa vya Marekani husamehe ada ya maombi kwa anayeandika kuomba. Kijana aulize kabla ya kulipa.

Wakala si chuo

Penye hamu ya kusafiri hapakosi wa kujitajirisha. Wapo mawakala halali, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, husajili wanaoruhusiwa kupeleka wanafunzi nje. Mzazi aombe usajili huo na authibitishe TCU kabla ya kutoa fedha.

Hata hivyo, wakala halali naye ana maslahi yake. Baadhi hulipwa kamisheni na vyuo wanavyovipelekea wanafunzi wanaolipa ada. Si ajabu basi asimtajie kijana AIMS au Erasmus Mundus. Mipango mikubwa iliyotajwa hapa huombwa na mwanafunzi mwenyewe kupitia tovuti rasmi, bila mtu wa kati.

Ufadhili wa kweli hautangazwi kwa kutaka "ada ya kuushughulikia" itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Anayeahidi nafasi ya uhakika, au anayesema fedha itumwe leo kabla ya saa kumi, aachwe apite. Na kabla ya kijana kuanza chuo kisichojulikana, familia iulize TCU kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa nchini.

Mwaka wa kusubiri si mwaka uliopotea

Kijana mwenye GPA nzuri anaweza kuomba mipango mitano na kukosa yote mara ya kwanza. Ushindani ni mkubwa, na wengi waliopata waliomba zaidi ya mara moja. Hapa ndipo nyumbani panaweza kumjenga au kumvunja.

Majirani watauliza mbona yule msomi wenu yupo tu. Shangazi atasema mtoto wa fulani ameshaajiriwa. Binti ataambiwa umri unakwenda, aolewe kwanza, vitabu atavikuta. Mzazi asipomkinga mwanawe na maneno hayo, kijana atakubali barua yoyote, hata ile ya ada ya mamilioni, ili tu aonekane ameondoka.

Mwaka huo unaweza kutumika vizuri. Kufundisha hesabu katika shule ya jirani, kujitolea katika ofisi inayokusanya takwimu, kumsaidia mhadhiri kuchambua data, kujifunza kuandika programu za kompyuta. Kila kimoja ni mstari katika wasifu wake, na kwa mipango kama Chevening ni sehemu ya uzoefu unaodaiwa. Mzazi ambaye hakusoma chuo anaweza kusaidia kwa bando la intaneti, meza yenye utulivu na kutomtuma sokoni siku ya mwisho ya kutuma maombi.

Maswali ya kuuliza mezani

Kijana akileta barua, mzazi hahitaji kujua hesabu za uzamili ili amuulize haya: Je, ada yote imelipwa au sehemu tu? Posho ya kuishi ni kiasi gani kwa mwezi, na chumba katika mji huo ni kiasi gani? Ufadhili unadumu hadi mwisho wa masomo, au ni mwaka mmoja na kisha unaangaliwa upya? Bima ya afya na tiketi vinalipwa na nani? Baada ya masomo kuna sharti la kurudi, na asiporudi kuna adhabu gani?

Majibu yawe ya maandishi kutoka chuoni au kwa mfadhili, na yasomwe na wote wanaoombwa kuchangia. Kama swali la kwanza au la tatu halina jibu, familia ina haki ya kusema tusubiri. Kijana arudi kwenye kompyuta, aangalie dirisha linalofuata linafunguliwa lini, na aanze barua ya maelezo yake mapema. Kiwanja kibaki kama kilivyo hadi hapo.